Msiba Ulioingoja Kalamu

Jacklyn Zeman alifariki Mei 2023 akiwa na miaka 70, siku chache tu baada ya waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani kuweka kalamu chini. Tangu 1977 alikuwa akiigiza muuguzi Bobbie Spencer katika General Hospital, tamthilia ya mchana inayorushwa na kituo cha televisheni cha ABC. Mwigizaji akaenda zake. Muuguzi akabaki.

Wazee wetu husema liandikwalo ndilo liwalo. Katika Port Charles, mji wa tamthilia hiyo, mji usio kwenye ramani yoyote, msemo huo hauna fumbo: kifo kisipoandikwa hakitokei, hata kama mwenye uso amekwisha kutangulia. Kiangazi kikaja, kikaondoka, na mjini humo hakuna aliyemlilia. Alikuwa wapi Bobbie miezi hiyo yote? Je, mtu anaweza kuendelea kuishi kwa kuwa tu hakuna aliyekuwepo wa kutamka kwamba amekufa?

Tamthilia hii sikuichagua, niliikuta. Niliikuta Massachusetts, nyumbani kwa mama mmoja mzee ambaye kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumlisha, na kuhakikisha ameketi kitini kabla kipindi hakijaanza. Kwa mdomo nilimwita jina lake la kwanza, kama watu wa kule wanavyotaka. Moyoni nilimwita Bibi.

Dawa alizimeza wakati wa matangazo, si kabla, si baada. Nilizipanga kwenye kisahani, nyeupe pembeni, ya njano katikati, na kando yake glasi ya maji yenye mrija. Tangazo la kwanza likianza, kinywa kilikuwa kimekwisha kufunguka. Kipindi kikirudi aliinua kiganja, nami nikanyamaza, hata kama neno lilikuwa bado ulimini. Alianza kuitazama Kennedy akiwa rais, kwani kipindi cha kwanza kilirushwa tarehe 1 Aprili 1963. Tangu hapo alikuwa ameolewa, amezaa, amehama nyumba, amefiwa na mume, na saa ile ya mchana ilimfuata kila alikohamia.

Yeye ndiye aliyenifundisha nani ni ndugu wa nani, nani aliwahi kuwa mke wa nani, na kwa nini akina Spencer na akina Quartermaine wasingeweza kuketi meza moja bila jambo kuharibika. Na yeye ndiye aliyenisimulia ya mwaka 1994.

Bobbie alikuwa na binti wa kulea, BJ, aliyebeba jina lake mwenyewe: Barbara Jean. Mtoto akapata ajali ndani ya basi la shule, ubongo ukafa, mwili ukabaki ukipumua kwa mashine. Katika hospitali ileile alikuwa amelazwa binamu yake mdogo, Maxie, aliyehitaji moyo ili aishi. Wakautoa moyo wa BJ, wakaupandikiza kifuani mwa Maxie. Baadaye baba wa BJ, Tony, naye ni daktari, akaingia chumbani alikolala yule mtoto. Hakusema kitu. Akainama polepole, akalaza kichwa juu ya kifua cha mtoto wa ndugu yake, na kusikiliza.

Bibi alipofika hapo alinyamaza. Mkono wake, wenye mishipa ya buluu na ngozi nyembamba iliyochubuka kwa kuguswa tu, ulipanda ukatua juu ya kifua chake mwenyewe, ukakaa hapo.

Nimejiuliza mara nyingi ni kitu gani kilikuwa kinalia ndani yake siku ile. Hospitali ni mbao na rangi, katika studio ya Los Angeles. Mtoto aliyekuwa BJ alirudi kwao akiwa mzima. Maxie hakupasuliwa. Yote haya Bibi aliyajua, maana akili zake wakati huo zilikuwa timamu. Kwa nini basi machozi hayakuyajali? Labda jicho halilii kwa ajili ya kilichotokea. Labda linalilia kile linachojua kitatokea, na linashukuru kupata mahali pa kukililia kabla ya siku yake.

Nadhani tamthilia za mchana ziliahidi jambo moja ambalo hakuna hadithi nyingine inayothubutu kuliahidi, yaani kutokwisha. Riwaya ina ukurasa wa mwisho na filamu ina taa zinazowashwa. Hizi zilikuja Jumatatu hadi Ijumaa, mwaka hadi mwaka, zikimzeesha mwigizaji na mtazamaji kwa mwendo mmoja. Aliyekuwa msichana mwenye hila mwaka 1978 akawa bibi mwenye busara, na mvi zake hazikupakwa na mtu. Ni wapi pengine unaweza kumtazama mtu mmoja akizeeka kwa miaka zaidi ya arobaini, bila yeye kukujua?

Lakini zilikwisha. Guiding Light, iliyoanza redioni mwaka 1937 na kuhamia kwenye televisheni 1952, ilizimwa Septemba 2009. As the World Turns, iliyoanza 1956, ikafuata mwaka uliofuata. All My Children ikaaga ABC mwaka 2011, One Life to Live Januari 2012. Days of Our Lives iliondolewa kituo cha NBC Septemba 2022 ikapelekwa Peacock, huduma ya intaneti, na wazee wangapi waliachwa na rimoti mkononi, wakibonyeza namba ileile waliyoibonyeza tangu ujana wao? Watu wa miji ile hawakufa. Walikuwa wakiongea, kisha hatukuwasikia tena. Kufiwa kwa namna hiyo kuna jina gani? Tanga lake linaanuliwa lini?

Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona uliinyamazisha General Hospital pia. Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Agosti hakukuwa na kipindi kipya, ikabidi warushe vya zamani. Bibi, ambaye kumbukumbu ilikuwa imeanza kumtoka, hakuona tofauti. Waliokuwa wameachana walipooana tena mbele ya macho yake, alipiga makofi. Mimi nilikuwa nimeketi pembeni na barakoa usoni, nikimwonea wivu. Kwake hakukuwa na jana.

Mgomo wa 2023 haukuja kwa kimya, na hiki ndicho kilichonisumbua zaidi. Waandishi waligoma tarehe 2 Mei. Waigizaji wa chama cha SAG-AFTRA wakafuata tarehe 14 Julai. Wa kwanza walikaa nje siku 148, wa pili siku 118, na kwa majuma mengi walitembea pamoja juani mbele ya malango ya studio, mabango mikononi. Walidai sehemu ya haki katika fedha za huduma za intaneti. Walidai kinga dhidi ya akili mnemba, mashine inayoweza kuandika bila mwandishi na kuuazima uso wa mtu bila kumwita kazini.

Waigizaji wa tamthilia za mchana hawakuwa juani. Wao wako chini ya mkataba mwingine wa chama hichohicho, unaohusu pia vipindi vya mazungumzo na michezo ya zawadi, na mkataba huo ulikuwa bado hai, nao uliwazuia kugoma. Wenzao wakiandamana, wao waliingia ndani, wakapakwa poda, wakasimama mbele ya kamera. Maneno waliyosema, kadiri akiba ya waandishi wao ilivyokwisha, yaliandikwa na watu wasio wa chama.

Kwa hiyo kila mchana sura zilikuwa zilezile, sauti zilezile, ngazi ileile ya jumba la Quartermaine. Ila kuna nyakati nilihisi kwamba aliyekuwa akisema alikuwa anasomewa na mtu asiyemjua. Jambo dogo sana: hasira iliyoisha upesi, jina la marehemu lililopitwa bila pumzi kukatika. Au ilikuwa masikio yangu tu, yaliyokwisha kuambiwa kwamba waandishi wenyewe hawapo? Tukijua roho imeondoka, je, tunaweza kuutazama mwili bila kuuona umebadilika?

Na kulikuwa na swali jingine, zito zaidi. Kuwasha runinga kulikuwa ni kuwageuzia mgongo waliogoma? Mimi hulipwa kwa saa. Najua mtu anavyofika mwisho wa mwezi akihesabu, najua kauli ya mwajiri asemaye kwamba wako wengi wanaoitaka nafasi hii. Moyo wangu ulikuwa na wale wa barabarani bila kusita, na bado upo. Lakini najua pia kazi isiyoachika. Ukiwa na madai ya haki kabisa, mgonjwa bado anataka kugeuzwa upande wa pili kitandani, na hakuna saa ya kugoma ndani ya usiku wake. Nilipowatazama wale waigizaji waliofungwa na mkataba, wakiubeba mji mzima usianguke, sikuweza kuwaita wasaliti. Wala sikuweza kusema kwamba hapakuwa na mtu aliyeumizwa kwa wao kuwa ndani.

Niliendelea kutazama. Kulikuwa na uaminifu katika kutazama huko, na kulikuwa na kitu kingine pia ambacho sijapata kukipa jina. Je, upendo unaweza kuwa upande mmoja na haki upande mwingine, na vyote viwili viwe vya kweli?

Katikati ya yote hayo Bobbie hakuwa hai wala hakuwa amekufa. Muuguzi mwenzake, Epiphany, aliyeigizwa na Sonya Eddy, alikuwa amepata msiba wenye mpangilio: Eddy alifariki Desemba 2022, na Machi 2023, kabla ya mgomo, mji wote ukamuaga Epiphany kwa nyimbo na machozi. Zeman alifariki mlango ukiwa umekwisha kufungwa. Nilitaka sana kuamini kwamba walikuwa wanamngojea mwandishi wake, kwamba hakuna aliyethubutu kumzika Bobbie kwa maneno ya kuazima. Labda ni matamanio yangu tu ya kutafuta heshima ndani ya ucheleweshaji.

Mgomo wa waandishi ulikwisha Septemba, wa waigizaji Novemba. Januari 2024 habari ikafika Port Charles: Bobbie amefia usingizini, mbali, Amsterdam.

Sisi tunaoishi mbali na kwetu tunaijua habari inayokuja hivyo. Shangazi yangu alizikwa nikiwa zamu, na niliporudi kutazama simu, sauti yake ilikuwa bado humo, katika ujumbe wa wiki iliyotangulia, akiuliza kama nimekula. Nilimjibu. Nilijua, na nilimjibu. Kwa hiyo sikumshangaa Carly, binti wa Bobbie, kwa jinsi uso wake ulivyokataa kwanza.

Kilichonishika zaidi ni waigizaji wenyewe. Wao walimpoteza Zeman Mei. Walikuwa wamekwisha kulia nyumbani kwao, wamekwisha kuuzoea upande wake kuwa mtupu. Miezi minane baadaye walitakiwa waje kazini na kuambiwa upya, wapokee pigo kana kwamba limepiga leo, kwa maneno yaliyochapwa kwenye karatasi. Nilitafuta katika macho yao mahali ambapo kuigiza kunakoma na kilio kinaanza, nikashindwa kupaona. Pengine hata wao hawakupaona. Machozi ya pili ni ya nani? Ni ya marehemu yuleyule, au ni ya ile miezi ambayo hawakupewa nafasi ya kumlilia mbele za watu?

Nimefikiri kwamba kuchelewa kule kuliwapa kitu. Mara nyingi msiba hutujia tukiwa hatuna maneno, na maneno yakija, watu wamekwisha kutawanyika na vyombo vimerudishwa kwa wenyewe. Bobbie alizikwa wakati ambapo maneno yalikuwa tayari. Lakini siwezi kulisema hilo kwa utulivu, maana najua gharama ya ule muda: watu waliokaa nje siku 148 bila mshahara, na mwezi uleule wa Januari, mwezi wa maziko hayo, waandishi wakuu wawili wa tamthilia wakaondolewa na wengine wakachukua nafasi zao. Kwao hakukuwa na muziki wa kuaga. Jina liliondoka kwenye orodha mwishoni mwa kipindi, pale herufi zinapopita haraka.

Bibi hakuona lolote kati ya haya. Alifariki kabla ya mgomo, mwisho wa majira ya baridi, familia yake ikiwa imemzunguka, na mimi nikaelekezwa nyumba nyingine yenye mzee mwingine, ambaye hapendi tamthilia. Katika dunia aliyoondoka nayo, Bobbie yuko kazini, anapita korido na faili mkononi, na kesho saa ileile atakuwepo. Mimi niliyebaki na habari zote, tarehe zote, majina yote ya waliogoma na waliozuiwa kugoma, ndimi niliyempoteza. Najiuliza kama kumlinda mtu na habari ya kifo ni kumnyima kitu, na kama ningekuwa na uwezo wa kumwambia, ningeanzia wapi: kwa Zeman au kwa Bobbie?