London kwa Mfuko Mwepesi



Miaka hii si ajabu tena, katika mitaa yetu ya Mombasa, Malindi au Lamu, kukuta nyumba yenye mtoto aliyeko London. Mmoja ni muuguzi, mwengine dereva, mwengine yuko masomoni. Mtoto akishatulia huwaita wazee wakamtazame, na wazee wakenda, aghalabu hutokea moja kati ya mambo mawili. Ama mzazi huambiwa kuwa mji ule ni ghali, akakaa mwezi mzima dirishani akiangalia mvua, kisha akarudi bila la kuhadithia. Ama mtoto huona haya mzazi wake arudi hivyo, akakopa ili amlipie tiketi za ngome na minara, na deni likabaki baada ya mgeni kuondoka. Yote mawili hayapendezi. Septemba iliyopita tulikwenda sisi na mama watoto, tukakaa siku 12 kwa mwanetu, na tumeona tuwaandikie namna ya kuufurahia mji ule pasi na kumtia mtu deni.

Gharama za ndege na visa hatuna la kuzifanyia, ila kukumbusha kuwa ada ya visa hairudishwi hata ombi likikataliwa. Basi karatasi zitayarishwe kwa uangalifu na mapema. Baridi nayo isimtishe mtu akanunua koti la bei kubwa. Huko yako maduka ya sadaka yauzayo nguo za mitumba zilizo safi, na koti zuri la sufu hupatikana kwa bei ndogo. Ama matumizi ya kila siku, tulijiwekea pauni 12 sisi wawili, na tulirudi nyumbani na masalio.

Siri ya kwanza ni basi. Kutoka uwanja wa ndege tulipanda treni ya kawaida ya chini ya ardhi, tukaiacha ile ya haraka ambayo nauli yake ni kubwa zaidi. Baada ya hapo tulitegemea mabasi mekundu ya orofa mbili. Mabasi hayo hayapokei pesa taslimu tangu mwaka 2014. Abiria hugusisha kadi tu mlangoni. Safari zetu zilikuwa pauni 1.75 kila mmoja, na ndani ya saa moja tangu kugusa mara ya kwanza mtu huweza kubadilisha mabasi atakavyo bila kuongeza kitu. Hata tulipopanda kutwa nzima, kwa mabasi pekee hatukutozwa zaidi ya pauni 5.25 kila mmoja. Watoto walio chini ya miaka 11 hupanda bure. Anayekaa kiti cha mbele orofa ya juu katika basi nambari 15 hupita karibu na ngome kongwe ya mji, kanisa kuu la St Paul's na mtaa wa Fleet Street uliokuwa wa magazeti, mpaka Trafalgar Square. Kuingia ndani ya ngome ile ni zaidi ya pauni 30 kwa mtu mmoja, yaani takriban shilingi 5,000 za kwetu. Kuitazama kutoka juu ya basi ni kwa nauli ile ile, nasi tuliitazama mara tatu.

Siri ya pili ni makumbusho. Tangu Disemba 2001 makumbusho makuu ya taifa hayatozi kiingilio kwa hazina zao za kudumu. Kulipa ni kwa maonyesho maalumu tu. Mlangoni liko sanduku la michango, na asiyetia haulizwi. Mwenye kwenda British Museum atakuta jiwe la Rosetta, lililovumbuliwa Misri mwaka 1799, lenye tangazo moja kwa maandishi ya namna tatu, ambalo kwalo wataalamu walipata ufunguo wa kusoma maandishi ya Mafirauni. Atakuta pia ukumbi mpana wa ulimwengu wa Kiislamu uliofunguliwa mwaka 2018. Na miongoni mwa mali za jumba hilo vimo vigae vilivyookotwa ufukweni Kilwa Kisiwani: vya kijani kutoka China, vya samawati kutoka nchi za Waajemi na Waarabu, na vyekundu vya udongo wetu wenyewe. Mwaka 2010 jumba hilo na idhaa ya BBC walipochagua vitu 100 vya kusimulia historia ya ulimwengu, vigae hivyo vilikuwa kimoja cha vitu hivyo. Sisi tuliozaliwa pwani tumevikanyaga vya namna hiyo Gedi tukienda kuchuma maembe. Kwa mwenye watoto, hilo peke yake ni somo la kutwa.

Hatua chache kutoka hapo kiko chuo cha SOAS, kilichoasisiwa mwaka 1916, ambacho maktaba yake imehifadhi hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Humo zimo karatasi za Mchungaji Taylor, aliyekaa Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, na ndani yake tungo za Muyaka bin Haji zilizokusanywa kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. Tulikuwa tumeomba nafasi kabla ya kusafiri, kwani hati hizo hazitazamwi kwa kupita njia. Mezani haruhusiwi mtu ila penseli, na karatasi hufunuliwa polepole. Tulisoma kwa sauti ya chini, herufi zile zile tulizofundishwa chuoni tukiwa wadogo, na lugha ni ile ile ya Kimvita tuliyoisikia kwa bibi zetu. Tulifurahi, na furaha ile ilikuwa na uchungu ndani yake: kwamba ya Mombasa tuliyafuata London. Hata hivyo twamshukuru aliyeyatunza, maana karatasi nyingi mfano wa hizo zilizobaki kwetu zimeliwa na mchwa makabatini. Kama nyumbani mwako limo sanduku la babu, msomaji, lifungue wiki hii.

Siku nyengine tulikwenda jumba la Victoria and Albert, ambalo nalo ni bure, kuliona zulia la Ardabil. Lilifumwa Uajemi, na mwaka wake umefumwa humo humo: 946 Hijria, sawa na 1539 au 1540. Urefu wake ni zaidi ya mita 10. Limewekwa sakafuni ndani ya kioo, katika mwanga hafifu, na taa huwashwa kwa dakika 10 tu kila itimiapo saa na nusu saa, ili rangi zisififie. Basi watu hukaa kwenye mabenchi wakingoja, kama wangojao mwezi. Mama watoto, ambaye ameshona kofia kwa miaka thelathini, aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Taa zilipozimwa alisema neno moja tu: kuwa aliyeifanya kazi ile hakuwa akiangalia saa. Tukangoja nusu saa nyengine, zikawashwa tena.

Yako mambo mawili ambayo mgeni Mwislamu lazima ayapange kabla ya kutoka asubuhi: sala na chakula. Wengi hudhani kuwa maadamu wamo ugenini watafupisha na kujumuisha sala safari nzima. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, huwa ni kama mkazi. Basi njia ya kutembea hupangwa ipite misikitini. Mwezi wa Septemba Adhuhuri huingia karibu na saa saba, Alasiri baada ya saa kumi, na Magharibi baada ya saa moja. Nafasi ni nyingi. Disemba ni shida, kwani jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na sala hufuatana kama treni. Karibu na bustani ya Regent's Park uko msikiti mkuu wenye kuba la rangi ya dhahabu, uliofunguliwa mwaka 1977. Mtu husali kisha akapumzika penye maua na bata pasi na kulipa. Upande wa mashariki, mtaa wa Whitechapel, uko East London Mosque, ambao harambee yake ilianza mwaka 1910 na jengo lake la sasa likafunguliwa mwaka 1985.

Mbali kidogo na hapo, katika mtaa wa Brick Lane, liko jengo ambalo twawasihi mlione hata kama hamna nafasi ya kuona mengine. Lilijengwa mwaka 1743 kuwa kanisa la wakimbizi wa Kiprotestanti kutoka Ufaransa. Baadaye likawa kanisa la Wamethodisti, kisha mwaka 1898 likawa sinagogi la Mayahudi waliokimbia mateso ya mashariki ya Ulaya, na tangu mwaka 1976 ni msikiti wa Wabangladeshi. Kila kundi lilifika hapo bila kitu, likasali hapo, likapata riziki, likahama. Saa ya jua ya mwaka ule wa kwanza ingalipo ukutani.

Kwa chakula, vitongoji hivyo vya mashariki vina nyama ya halali na masoko ya mboga, ndimu na pilipili kama Marikiti. Nasi hatukula mkahawani ila mara mbili. Asubuhi mama watoto alikaanga mahamri jikoni kwa mwanetu, tukatia chai katika chupa, na maji tulijaza bombani kwani maji ya bomba ya London hunyweka. Mahamri na chai ya tangawizi juu ya benchi la bustani, huku majani yakianza kugeuka rangi, hatuoni karamu ya kuyashinda.

Lakini tusiusifu mji ule kupita kiasi. Abdullah Yusuf Ali, ambaye tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiingereza imo katika rafu za misikiti mingi ya kwetu, alifia London Disemba 1953. Siku ya kabla yake alikutwa nje barabarani, mzee, peke yake na katika ufukara, na watu waliompokea hospitali hawakumjua ni nani. Amezikwa Brookwood, nje ya mji, makaburi yale yale alikozikwa Pickthall, mfasiri mwenzake. Mji wenye kukufungulia milango ya majumba yake bure waweza pia kukuacha siku arubaini usiulizwe hali. Wengi wa watoto wetu wanaishi hivyo, na kwenye simu hawasemi.

Hilo tulilijua siku ya mapumziko ya mwanetu, tulipomtoa sisi badala ya yeye kututoa. Tulikwenda Greenwich, tukapanda kilima penye mstari uliokubaliwa na mataifa mwaka 1884 kuwa nyuzi sifuri, ambao saa ya kwetu huhesabiwa saa tatu mbele yake. Kuingia uani kwa jumba la nyota ni kwa malipo, lakini mstari huo huo umetiwa alama nje ya ukuta, na hapo watoto huruka huku na huku bure. Kisha tukashuka, tukapita chini ya mto Thames kwa miguu katika njia iliyofunguliwa mwaka 1902, tukarudi, tukachukua basi mpaka Woolwich. Huko iko feri. Wana wa Mombasa, mngeiona mngecheka: magari chini, watu pembeni, na nauli hakuna tangu mwaka 1889. Ni Likoni yenye baridi.

Katikati ya mto mwanetu alisema, "Baba, miaka sita niko hapa, sijapata kuvuka." Kisha akaongeza lile ambalo hakutwambia kwenye simu: kuwa tangu asikie tunakuja amekuwa akifanya zamu za usiku za ziada, apate pesa za kutupeleka ngomeni na kwenye lile gurudumu kubwa, na kwamba wiki ijayo zamu mbili bado zamngoja. Mamake akamshika mkono. "Mwanangu, tumekuja kukuona wewe. Ule mnara hatuna undugu nao." Zamu zile akazirudisha. Siku mbili zilizofuata alilala mpaka Adhuhuri, akaamka akala mbaazi za nazi, na sisi hatukutoka nyumbani. Katika siku zetu zote 12 hizo mbili ndizo zilizogharimu kidogo zaidi, na ndizo tunazozikumbuka zaidi.

Basi mzazi uendaye, jifunze kupanda basi katika siku mbili za mwanzo, na usimngoje mtoto akupeleke. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wazee. Na jembe la mgeni wa London ni kuingia jikoni, ili anayetoka kazini alfajiri akute chai. Nawe mtoto uitaye wazazi, usinunue tiketi kabla ya kuwauliza wanapenda nini. Wape kadi ya basi, waonyeshe kituo, waandikie anwani ya nyumba katika karatasi, kisha chukua usingizi wako. Jioni watakuja na habari za mji ambao wewe hujauona.

Mwenyezi Mungu awarahisishie safari wenye kunuia, awahifadhi watoto wetu walioko mbali, na awajaalie kukutana na wazazi wao katika afya. Wabillahi tawfiiq.