Kidingapopo: Pepo, Popo au Mbu?



Mwaka 1870 homa yenye maumivu makali ya viungo ilienea Unguja. Tabibu James Christie, aliyekuwa akiishi huko, aliandika kwamba wenyeji waliiita kidinga pepo, na kwamba wazee waliikumbuka tangu mwaka 1823. Wapo wataalamu wanaosema kuwa jina dengue chimbuko lake ni neno hilo letu. Wengine waona kuwa alichokieleza huenda kilikuwa chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kukunjika, kwa jinsi mgonjwa anavyopinda kwa maumivu.

Leo twasema kidingapopo. Pepo amegeuka popo. Lakini wote wawili hawana hatia. Mwenye kuyaeneza maradhi haya ni mbu, tena si yule wa malaria. Huyu huuma mchana, na hutaga mayai katika maji tuliyoyahifadhi wenyewe: mapipa, mitungi, hata magurudumu mabovu uani.

Wazee walilitaja pepo kwa kuwa hawakuwa na njia ya kumjua mbu. Sisi udhuru wetu ni upi? Chikungunya ilizuka Lamu mwaka 2004, ikaja Mombasa mwaka 2017 na 2018, na bado kila homa twaiita malaria. Mtu hununua vidonge bila kupimwa. Na akizidiwa na maumivu humeza aspirini, ambayo kwa mwenye kidingapopo yaweza kuzidisha kutokwa na damu.

Huletewa wagonjwa wa homa niwasomee. Huwasomea, kwani Qur'ani ni shifaa, kisha huwahimiza jamaa zao wawapeleke wakapimwe. Mambo haya mawili hayagombani. Mtume (s.a.w.) alijiombea dua na kuwaombea wagonjwa, na vilevile alituamuru tujitibu.

Tena alituagiza tufunike vyombo vyetu usiku. Sunna hiyo ni nyepesi, na kila nyumba yaiweza. Enyi akina mama na akina baba, lifunikeni pipa usiku na mchana, lisugueni kila wiki, na mwageni maji yaliyotuama. Na mgonjwa akipatikana, mwulizeni daktari jina la homa yake kabla ya kumpa dawa.

Allah awaponye wagonjwa wetu na azihifadhi nyumba zetu. Amin.