Likizo, Simu na Stika

Jumanne, 10 Juni

Shule zimefunga, vijana wangu wamerudi. Bwenini simu ni marufuku, kwa hiyo mimi, mnasihi wa mtandaoni, nafuata kalenda ya shule: likizo nimejaa, muhula ukianza nabaki na watu wazima. Bahati mbaya wanaowatesa nao wanafuata kalenda hiyohiyo.

N. yuko kidato cha pili. Muhula mzima ameitwa Tipwatipwa kwa mdomo. Alipofika nyumbani akashika simu ya mama yake, akakuta picha yake ya siku ya wazazi, ameinama kufunga kamba za viatu, imekatwa na kufanywa stika. Mtu akiandika kwenye grupu la darasa kwamba ana njaa, anajibiwa kwa stika hiyo.

Hakuwasha kamera, na sikumwomba aiwashe. Nilimwelekeza tu namna ya kuficha picha yake mwenyewe kwenye skrini, ili siku akiwasha asilazimike kujitazama wakati wote anapozungumza. Mtoto anayechekwa kwa mwili wake hawezi kusema la moyoni huku akikagua kidevu chake pale pembeni.

Alhamisi, 12 Juni

Leo tumeshughulika na mahali tu. Kwao ni vyumba viwili na sebule, na sebuleni kuna runinga, bibi na wadogo zake. Akanong'ona, "Anti, nimepata pa kukaa." Yuko ndani ya bajaji ya mjomba, imeegeshwa uani, mapazia ya turubai yameshushwa. Mtu akikaribia atasema, "Swali la tatu sijalielewa," nami nitaanza kufundisha hesabu. Bando likikatika, nitampigia kwa simu ya kawaida. Nimempa pia 116, Simu kwa Mtoto, maana hailipiwi na haihitaji intaneti.

Wanaosifu tiba ya mtandaoni husema imeondoa umbali. Kweli, nauli ya kwenda mjini imeokolewa. Lakini ofisini kwangu mlango ulikuwa wangu. Sasa kila mtoto anautafuta wa kwake, na nyumba zetu nyingi hazina mlango wa ziada.

Jumamosi, 14 Juni

Mama yake N. amenipigia. Amenisalimu vizuri, akauliza ya nyumbani, kisha: "Sasa dada, huyu mtoto ataanza kupungua lini?"

Nimemwambia sifanyi kazi ya kupunguza kilo. Akanyamaza, halafu akasema labda huko kutaniwa kutamtia uchungu apunguze kula. Wengi wanaamini hivyo, hata walimu. Huko Minnesota, Marekani, utafiti wa Project EAT uliwafuata vijana kwa miaka 15: waliotaniwa uzito wao wakiwa shuleni walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na unene uliokithiri ukubwani. Mtoto aliyechekwa uwanjani hukwepa uwanja, na aliyechekwa mezani hula usiku, peke yake. Mama alisikiliza. Mwisho akakiri kwamba bibi naye humwita "kibonge wangu", kwa mapenzi. Nimemwomba azungumze na bibi kwa adabu, wawili tu, N. asiwepo.

Jumanne, 17 Juni

N. na daftari. Nilimwambia aandike wazo lililomuumiza zaidi wiki hii. Ameandika: "Darasa zima linanicheka." Tukahesabu waliotuma stika: wanne. Darasa lina wanafunzi zaidi ya hamsini. Nani alimwandikia pembeni kumpa pole? Mmoja, anayekaa naye dawati. Aaron Beck alianza kuwafundisha wagonjwa wake kupima mawazo kwa ushahidi miaka ya 1960, na mpaka leo sijaona njia bora ya kuanzia na kijana anayeamini kila kinachompitia kichwani.

Sikumwambia yeye ni mzuri. Angejua namlipa fadhila kwa ajili ya ada ya mama yake.

Jumamosi, 21 Juni

Kijana mwingine, K., huyu anataka maandishi tu. Ujumbe wake huja polepole, na mimi naheshimu ukimya wake. Leo ameandika kwamba akila chakula cha usiku huenda kutapika, tangu Aprili, na juzi alizimia bombani. Nikasimamisha kikao. Siku ya kwanza tulikubaliana siri yake ni yake hadi uhai wake uingie hatarini, kwa hiyo nilimwambia kwanza yeye, kisha baba yake, nikiwa nao wote kwenye laini. Moyo, madini ya mwilini na figo havipimwi kwa simu. Jumatatu anaonana na daktari hospitalini.

Alhamisi, 26 Juni

Mjomba wa N., mwenye bajaji, amegundua habari ya stika, ameunguruma, anataka kwenda polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautaja unyanyasaji wa mtandaoni kuwa kosa, hajakosea. Mimi sitaki mtoto wa miaka kumi na minne akae kituoni kwa sababu ya stika. Nawataka mwalimu wa malezi, wazazi wa hao wanne na simu zao mezani, stika zifutwe mbele yao. Mjomba amekubali kwa shingo upande.

N. mwenyewe amefanya lake. Aliandika kwenye grupu: "Hiyo picha ni yangu na sijaruhusu. Ifuteni." Wawili wakafuta. Mmoja akacheka. Akatoka kwenye grupu, akaja kwenye kikao, akawasha kamera. Hakusema kitu kuhusu hilo, nami sikusema.

Alhamisi, 3 Julai

Likizo inaisha, na simu inarudi kwa mama. Nimeandika barua kwa mwalimu wa malezi wa shule ya N., kwa idhini yake na ya mama, nikiomba apewe chumba na nusu saa kila wiki.

Kwa N. skrini imefaa: alihitaji mtu wa kumsikiliza ambaye hakumwona kwanza. Kwa K. haifai, na simrudishi kwenye maandishi mpaka daktari wake aniambie yuko salama.