Majumba ya Mawe Kati ya Ruiru na Thika

Mtu atokaye Nairobi kwa barabara pana iliyofunguliwa mwaka 2012, afikapo Ruiru huona majumba ya ghorofa yamesimama bega kwa bega kama askari gwarideni. Nguo zimeanikwa katika roshani, matangi ya maji yamejipanga juu ya mapaa, na chini ni maduka. Mgeni hudhani kwamba mji huu hauna mambo ya kale. Sivyo; ila yampasa ashuke garini aende kwa miguu.

Ardhi iliyo chini ya majumba mengi ya Ruiru ilikuwa mibuni. Zamani za ukoloni nchi hii ilitengwa kwa walowezi, na wafanya kazi wa Kiafrika walikaa katika kambi za mashambani, jamaa nzima chumba kimoja. Mtu hakupanga chumba kile, alipewa pamoja na kazi. Akiachishwa kazi, aliachishwa na nyumba. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 wananchi walichanga fedha, wakaunda kampuni na vyama, wakanunua mashamba, kisha kila mwanachama akapata kipande chake. Vipande hivyo viligawanywa tena na tena, kwa watoto na kwa wanunuzi. Hiyo ndiyo siri ya majumba membamba ya Ruiru: mwenye kiwanja chembamba hana pa kwenda ila juu. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilikuta watu 238,858 mjini. Ile ya mwaka 2019 ilikuta 490,120. Kahawa nayo imebakiza jina lake, kwani mbuni uitwao Ruiru 11, uliotolewa kwa wakulima mwaka 1985, wajulikana hata na watu wasiopata kuuona mji wenyewe.

Thika ni habari nyingine. Reli ilifika huko mwaka 1913, na katika karatasi za serikali haikuitwa reli bali tramu. Pamoja na reli walikuja wafanya biashara wa Kihindi, na katika njia za katikati ya mji mtu akiinua macho juu ya vibao vya simu na dawa, ataona bado kazi ya zamani: duka mbele, jamaa ya mwenye duka nyuma yake au juu yake. Mwafrika aliingia humo kununua na kubeba mizigo, lakini kulala alilala kwingine. Wengi walikaa Majengo, katika nyumba za mtindo wa Kiswahili, zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani ndiko jiko na choo cha wote. Kwa hakika jumba la leo la vyumba vya kupanga ni nyumba ile ile iliyosimamishwa wima: ukumbi umekuwa ngazi, na uani kumepandishwa darini penye kamba za nguo.

Wageni wa ng'ambo huijua Thika kwa hoteli ya Blue Posts, iliyojengwa mwaka 1908 karibu na maporomoko ya Chania na Thika, na kwa kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959 kiitwacho The Flame Trees of Thika, kilichosimulia maisha ya mashamba ya walowezi. Vyumba vya wapangaji havijapata kitabu kama hicho. Sheria ya mwaka 2006 yaruhusu jengo kutangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, lakini ni nani atakayeomba hifadhi kwa chumba cha mabati chenye masizi? Kodi ya ghorofa tano ni kubwa kuliko kodi ya nyumba ya chini, na mwenye kiwanja ana watoto wa kusomesha. Hawezi kulaumiwa. Walakini nyumba ikibomolewa wapangaji hutawanyika, na wale waliojua ni nani alikaa chumba gani hawaonekani tena pamoja.

Kitu kimoja mgeni aweza kukisoma mwenyewe bila msaada wa mtu, nacho ni mawe. Majumba mapya hujengwa kwa mawe ya Ndarugo, yachimbwayo upande wa Juja na kukatwa kwa mashine, nyuso zake laini kama mkate uliokatwa kwa kisu. Katika kuta za zamani mawe yalichongwa kwa mkono. Akipitisha kiganja ukutani atahisi alama za tindo, moja moja, na mahali pengine atajua kwamba fundi alikuwa na haraka.