Tunaomba kwa nani?

Huku tunapokaa, South Dakota, Marekani, mwezi wa kumi una sikukuu yake ambayo haimo kwenye kalenda ya kanisa. Ni Jumamosi ya tatu, siku ya kufungua uwindaji wa fezanti. Hoteli za miji midogo zinajaa watu waliovaa vizibao vya rangi ya chungwa, na mbwa wao. Familia yetu nayo inaenda kila mwaka tangu 2018. Najua baadhi yenu mtashangaa: watu waliokimbia bunduki Fizi, wakakaa Nyarugusu karibu miaka ishirini, leo wanafuata nini kwenye milio?

Kwanza ndege mwenyewe. Fezanti ana ukubwa wa kuku. Jogoo ana shingo ya kijani inayong'aa, pete nyeupe, uso mwekundu na mkia mrefu sana. Jike ana rangi ya majani makavu tu. Asili yake si hapa. Alitoka China. Owen Denny, aliyekuwa konseli wa Marekani Shanghai, ndiye aliyewapeleka Oregon miaka ya 1880, wakazaana. South Dakota walifika baadaye, na mwaka 1919 wakaruhusiwa kuwindwa kwa mara ya kwanza, wilaya ya Spink, siku moja tu. Mwaka 1943 fezanti akafanywa ndege rasmi wa jimbo. Mdogo wangu anapenda kusema huyu ndiye mkimbizi aliyepata makaratasi yote. Mzee wetu anamjibu: "Na bado wanampiga risasi."

Aliyetuingiza kwenye mambo haya ni rafiki wa mdogo wangu, Mkaren kutoka Burma, aliyekulia kambini Thailand. Walifanya kazi pamoja zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama. Wakaren wengi wanakaa Huron, na wanapenda kuwinda na kuvua. Siku moja alimwambia mdogo wangu, njoo na baba yako, kuna ardhi ambayo ni ya kila mtu.

Mzee hakuamini. Tulipofika mara ya kwanza tulikuta nyasi zinazofika kifuani, kilima kidogo, dimbwi lenye matete, na ng'ambo shamba la mahindi. Hakukuwa na nyumba. Palikuwa na kibao kimoja cha serikali kwenye uzio na nafasi ya kuegesha magari matatu. Mzee akasimama pale kwenye kibao.

"Sasa hapa tunaomba kwa nani?"

"Hatuombi, baba. Leseni ziko mfukoni."

"Hata chifu hayuko?"

"Hayuko."

Akabaki amesimama. Ninyi mlioko kambini mnaelewa kwa nini alisimama. Mtu aliyezoea kibali cha kutoka, tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi, mtu ambaye mke wake alishawahi kufukuzwa porini na watu kwa ajili ya mzigo mmoja wa kuni, hawezi kuruka uzio kwa sababu kibao kimesema karibu. Mwishowe alipita, lakini kofia alikuwa ameivua.

Baadaye nilijifunza mpango wenyewe, na naueleza maana si muujiza. Sehemu nyingine ni ardhi ya serikali, ambayo kwa sehemu imenunuliwa kwa pesa za leseni za wawindaji. Nyingine ni ya mkulima binafsi, ila serikali inamlipa ili watu waingie kwa miguu bila kubisha hodi kwake. Kuingia na gari hapana. Na kabla ya hao wote nchi hii ilikuwa ya Wadakota na Walakota, ambao jina la jimbo limetoka kwao. Wenyewe leo wengi wako kwenye maeneo waliyotengewa. Hilo mzee aliposikia alinyamaza muda, kisha akauliza kama wao wanaingia hapa bila kuomba. Nikamwambia wanakata leseni kama sisi. Hakupenda jibu hilo.

Mzee hashiki bunduki. Ujana wake kule Fizi alitega kanga na kwale kwa kamba, na anasema inatosha. Kazi yake ni kutembea. Tunapanga mstari, hatua kama ishirini kati ya mtu na mtu, wawili wanatangulia kuziba mwisho wa nyasi. Fezanti anapenda kukimbia kwa miguu kuliko kuruka. Anaweza kukupita pembeni ya kiatu usimwone. Mzee ndiye aliyetufundisha kusimama ghafla, tukae kimya kabisa, maana ndege akikosa kusikia nyayo anapata wasiwasi, anaruka. "Kwale naye ni hivyo," alisema. Wenyeji pia wanaijua mbinu hiyo, lakini sisi tuliipata kwa mzee.

Sheria ni jogoo peke yake, watatu kwa siku kwa kila mwenye leseni. Jike haguswi, jogoo mmoja anatosha majike wengi, kwa hiyo mwaka ujao ndege watakuwepo. Ndege akiruka lazima mtu apige kelele ili wenzake wajue. Sisi tunapiga kelele "Jogoo!" na yule Mkaren sasa naye anasema "Jogoo!" kwa Kiswahili safi kuliko wapwa zangu waliozaliwa hapa. Ukishampata, unaacha kichwa, au bawa lenye manyoya, au mguu, mpaka ufike nyumbani, ili askari wa wanyamapori akikusimamisha aone ni dume.

Sasa mama. Yeye alitoa sharti tangu mwanzo: bunduki haitalala nyumba moja na yeye. Inakaa kwa mdogo wangu, kwenye kabati la chuma, ufunguo mbali. Mwaka 2021 akakubali kuja, akae garini na chupa ya chai. Nilibaki naye. Saa nne, saa inayoruhusiwa kuanza, milio ikatoka ng'ambo ya dimbwi, kwa watu wengine hata tusiowaona. Mama alishuka kwenye kiti akalala chini, kati ya viti, akajifunika kitenge kichwani. Alikuwa anahesabu. Nilimsikia: tatu, nne, tano. Kule Fizi alikuwa anahesabu hivyo hivyo ili ajue ni wangapi na wanakuja upande gani. Kisha milio ikakata, tukasikia wanaume wanacheka.

Akaniuliza kutoka chini ya kitenge: "Wanapiga, halafu wanacheka?"

Sikuwa na jibu. Wahudumu wengine wanapenda hadithi iishie pale mama anaposhuka garini na kutembea kwenye nyasi. Hakushuka. Hajarudi tena. Anakubali kupika tu, na anapika vizuri: nyama ya fezanti ni kavu, inataka mafuta na moto wa polepole, mwisho nyanya na pilipili, pembeni bukari na sombe. Vipande vya marisau anavitoa mwenyewe kwa kidole, anaviweka kwenye kisosi, halafu anavitupa nje ya nyumba.

Shangazi bado yuko huko kambini. Alishafanya mahojiano, akawa anasubiri safari, kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha kupokea wakimbizi na faili lake likasimama nalo. Mwaka huo mzee alimpigia simu ya video akiwa katikati ya nyasi. Mtandao ulikuwa unakatika. Shangazi akauliza alikuwa wapi, mzee akasema porini. "Nani amekuruhusu?" Mzee akageuza simu amwonyeshe kile kibao, lakini alikuwa mbali nacho, shangazi akaona mbingu tu na kidole cha kaka yake.

Wamepanga tena mwaka huu. Mzee atampigia saa nne kasoro, kabla milio haijaanza, ambayo huko kwenu ni jioni, karibu saa kumi na mbili. Shangazi amesema atachaji simu kwa jirani mwenye sola. Mzee ameshaniambia nimshikie simu, na tusimame pale pale kwenye kibao.