Majani Mekundu Kabla ya Mvua



Mwezi wa 9 unapoingia, nchi za Ulaya huanza majira ya kupukutika kwa majani. Miti hugeuka ya manjano na myekundu, kisha hubaki mitupu hadi baridi ipite. Kwetu kusini mwa Katanga mwezi uleule una sura inayofanana na hiyo, lakini maana yake ni kinyume. Ukitoka Lubumbashi na kuingia msituni, utaiona miti ya muputu na mutondo imevaa rangi ya shaba, na mgeni apitaye kwa gari atadhani inakauka. Hayo ni majani machanga. Yamechipuka wakati wa joto na vumbi, kabla ya mvua ya kwanza kunyesha, kwa maji ambayo mti ulijiwekea shinani na yale ambayo mizizi yake huyafuata chini sana. Baada ya majuma machache wekundu hufifia, majani yakawa ya kijani, na mvua ikija huyakuta yamekwisha kutanda.

Tumeishi chini ya miti hii zaidi ya miaka 50, na bado tunaisimamia kuitazama. Mjini nako mijakaranda huchanua wakati huohuo, barabara zikajaa maua ya zambarau, na watoto huyaokota wakitoka shuleni na kuyavika vidoleni. Hizo ni furaha ndogo ambazo hazina bei.

Hata hivyo, majira haya ni magumu. Shule hufunguliwa mwanzoni mwa mwezi wa 9. Ingawa tangu mwaka 2019 masomo katika shule za msingi za umma yalitangazwa kuwa bure, mzazi bado hununua sare, viatu na madaftari, na mwenye mtoto wa sekondari bado hulipa. Visima vya mitaani hushuka, na akina mama huamka usiku kupanga foleni ya bidoni. Fedha zinapohesabiwa hivyo, kinachokatwa kwanza ni kile kinachoitwa mchezo: penseli za rangi, ngoma ya mtoto, saa ya kuchora darasani. Vijana tunaowafundisha kazi ya ualimu hutuuliza karibu kila mwaka, kwa nia njema kabisa, kama isingefaa saa ile ya kuchora ipewe hesabu, kwa kuwa watoto ni wengi na kitabu kimoja husomwa na wanne.

Tunapowajibu, tunaanzia Makwacha, kijiji kisicho mbali sana na Lubumbashi. Huko wanawake hupaka rangi kuta za nyumba zao wakati wa kiangazi. Rangi yenyewe ni udongo wa mahali pale, mwekundu, mweupe na mweusi, uliosagwa na kukorogwa kwa maji. Kila ukuta hupata maua yake, mistari yake, wanyama wake. Kisha mvua huja, ikapiga kuta, na michoro ikafutika. Kiangazi kinachofuata kazi huanza upya. Wanawake hao wanajua uzito wa jembe na wa mtoto mgongoni, wala hawangojei miaka ya shibe ndipo wapambe nyumba.

Kisha tunawakumbusha habari za mji wetu wenyewe. Mwaka 1946, Lubumbashi ilipokuwa bado ikiitwa Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji iliyojulikana kwa jina la Le Hangar. Hakuwapa picha za Ulaya wazinakili. Aliwaacha wachore walichokiona na walichokikumbuka. Pilipili Mulongoy akachora ndege na samaki, Mwenze Kibwanga akajaza picha zake mistari mifupi iliyosongamana, na Bela Sara akaweka brashi kando na kupaka rangi kwa ncha za vidole. Mwaka 2015 kazi zao zilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo. Kwetu, hata hivyo, kuna watoto wengi wanaofika darasa la sita bila kuyasikia majina hayo.

Kutoka hapo tunawapa zoezi, na tunalipenda kwa sababu halidai hata faranga moja. Mwalimu achume tawi moja la mutondo lenye majani mekundu, alilete darasani, na kila mtoto alichore. Asiye na penseli ya rangi atumie vumbi la tofali, kipande cha makala na maji ya majani yaliyopondwa. Juma linalofuata lichumwe tawi jingine la mti uleule, na juma la tatu vivyo hivyo. Mwishoni michoro ipangwe ukutani kwa tarehe. Watoto wataona wenyewe jinsi wekundu unavyopokea kijani, watahesabu siku, watapima urefu wa jani, na watataka kujua sababu. Kijana mmoja aliyetaka saa ya kuchora ifutwe alifanya zoezi hilo na darasa lake, akaturudia na swali la mtoto ambalo hakuweza kulijibu: mti umejuaje kwamba mvua iko karibu, na mbingu bado ni kavu? Tulikaa naye jioni nzima juu ya swali hilo.

Lipo jambo jingine linalotusukuma. Mtoto wa mjini leo anaujua mti wa msituni ukiwa umekwisha kuwa makala. Anaziona baiskeli zikiingia alfajiri na magunia yaliyopita kimo cha mtu, naye hutumwa kununua fungu la kupikia bukari. Sisi pia tunapika kwa makala, kwa kuwa umeme haupatikani kila siku, wala hatudhani kwamba mchoro wa mtoto utazuia shoka. Lakini msitu unazidi kuwa mbali na mji mwaka kwa mwaka, na atakayeulizwa kesho kama upandwe tena ni huyu mtoto. Tungependa awe amelishika jani lake mkononi walau mara tatu, akalitazama kwa muda wa kutosha kulichora.

Kwa hiyo, ndugu mzazi na ndugu mwalimu, tunawaomba jambo dogo kabla mvua hazijashika. Mkiwa na nafasi Jumamosi, nendeni na watoto hadi pale miti ilipobaki. Chukueni karatasi, hata upande mtupu wa daftari la mwaka jana. Na mtoto akichelewa kumaliza mchoro wake, msimharakishe.