Kichuguu Hakina Tanbihi

Watu wakitaka kuisema Kitengela vibaya husema ghorofa zinaota kama uyoga. Nimeisikia kwenye matatu, kwenye redio, hata kwa keteka wetu ambaye mwenyewe anakula kwa hiyo mijengo. Mfano ni mzuri kuliko wanavyojua. Uyoga unaouona asubuhi baada ya mvua haukuzuka usiku. Kiumbe chenyewe kilikuwa chini ya ardhi muda wote, nyuzi nyembamba kuliko unywele, kikila na kusambaa, na kile kimwavuli ni tunda lake tu. Kitengela nayo ni hivyo hivyo. Kabla ghorofa haijaonekana kuna mtu alishagawa shamba vipande vya hamsini kwa mia, akauza kimoja kimoja, kimya kimya, miaka.

Haya ninayajua kwa sababu Jumamosi zangu nyingi huishia kwenye kuvu. Tuko wanne: mimi, marafiki wawili wa hapa Kitengela, na mmoja wa Kajiado mjini aliyesomea kilimo. Tunaboresha makala za Wikipedia ya Kiswahili, ile iliyoanza mwaka 2003, na tumejichagulia kona isiyogombaniwa na mtu. Ukurasa wa mwanasiasa una walinzi usiku na mchana. Ukungu wa mahindi hauna mtu. Kwa Kiingereza kuna kikundi kizima cha kujitolea kinachoshughulikia kuvu peke yake, WikiProject Fungi, na watu wake wanaweza kubishana juu ya umbo la spora hadi ukasahau umelala au umeamka. Sisi bado tunabishana juu ya jina.

Maana jina ni shida kweli. Mtanzania akiwashwa vidoleni anasema ana fangasi. Mama yangu akisema ukungu anamaanisha yale manyoya ya kijani kwenye mkate, lakini dereva wa Namanga Road akisema ukungu anamaanisha haoni lori lililo mbele yake. Tulibishana Jumamosi mbili, bando zikaisha, tukakubaliana: kuvu ni himaya nzima, uyoga ni tunda linaloonekana, ukungu ni ule wa kwenye chakula, na hamira ibaki hamira, asije mtu akatuvurugia chapati.

Halafu kuna lile la mimea. Karibu kila mtu niliyemuuliza aliniambia uyoga ni mmea. Sawa, unaota, hautembei. Lakini kuvu haijitengenezei chakula kwa jua, na kuta za seli zake zina kitini, kitu kile kile kilicho kwenye gamba la mende. Robert Whittaker aliipa himaya yake mwaka 1969, na tangu miaka ya 1990 ushahidi wa vinasaba umeonyesha kwamba kuvu ni ndugu wa karibu wa wanyama kuliko wa mimea. Yaani ule uyoga sahanini una ukoo na wewe kuliko ule sukuma wiki ulio kando yake. Sentensi hiyo niliiandika nikicheka peke yangu.

Mama haoni cha kuchekesha. “Kwani unalipwa na nani?” ndilo swali lake, na ni swali la haki, maana bando hununuliwa na yeye mara nyingine. Jibu langu ni gunia lililo jikoni kwake. Sisi ni watu wa Makueni. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu walikula mahindi waliyovuna wenyewe, yakahifadhiwa na unyevu, yakaota kuvu inayoitwa Aspergillus flavus. Wagonjwa 317 waliorodheshwa. Waliokufa walikuwa 125. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka watu wazima wakiongea kwa sauti ya chini na ini likitajwa sana.

Kwenye habari zetu sumu hiyo huitwa aflatoksini, neno ambalo mtu wa kawaida analisikia kama jina la dawa. Watanzania wanaiita sumukuvu. Sumu, kuvu. Ukilisikia mara moja umeshaelewa nusu ya makala. Hapo mimi nimeweka msimamo na siutoi: makala iitwe sumukuvu, na aflatoksini itajwe sentensi ya kwanza ili anayetafuta kwa jina hilo afike.

Aya iliyochukua muda mrefu kuliko zote ni fupi. Inasema kuchemsha hakuiondoi sumu hii. Inasema kuchagua punje mbovu kunapunguza hatari, ila punje inayopendeza macho nayo yaweza kuwa na sumu. Na inasema usimpe ng'ombe, kwa sababu sehemu ya sumu itakurudia kwenye maziwa. Mama aliposomewa alinyamaza, kisha akauliza, “Na kuku?” Hapo ndipo nilipomwambia kwamba sumu yenyewe iligunduliwa kwa ndege. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na chanzo kikaonekana kuwa mashudu ya karanga waliyolishwa. Mahindi aliyokuwa amewatengea kuku yalienda shimoni. Hakusema kitu. Alichukua tu jembe.

Huo ni upande ulio rahisi, kwa sababu sumukuvu imeandikiwa sana. Upande mgumu uko nyuma ya nyumba yetu, kwenye ploti isiyojengwa, ambako kuna kichuguu kinachonifika kifuani. Susu anaishi nasi siku hizi, na ndiye aliyenionyesha. Anasema mvua ikikolea uyoga hutoka pale, mweupe, na ukiuchimba una mzizi mrefu unaoteremka ndani hadi mkono unachoka. Ndivyo ulivyo. Mchwa hao ni wakulima. Wanakusanya nyasi kavu na vijiti, wanavila, na kwa kinyesi chao wanajenga masega ambamo wanapanda kuvu, kisha wanaila. Roger Heim aliipa jenasi hiyo jina la Termitomyces mwaka 1942. Kuna spishi ya Zambia ambayo kofia yake inafika upana wa mita moja.

Lakini susu si chanzo. Sheria ya Wikipedia ni kwamba kila dai liwe na chapisho la kuaminika, na alichokiona bibi yako miaka sabini hakihesabiki. Naielewa sheria, bila hiyo kila mganga angejaza kurasa. Ila inauma. Mwaka 2011 kulikuwa na mradi India na Afrika Kusini uliojaribu kurekodi wazee na kuwatumia kama tanbihi. Hoja ile haijaisha hadi leo.

Aliyetuokoa ni yule wa Kajiado mjini. Ana mahariri ya kutosha kupewa funguo za Maktaba ya Wikipedia, inayofungua majarida ya kulipia, na usiku mmoja akatutumia kichwa cha makala ya mwaka 1982 katika Journal of Zoology, ya J. P. E. C. Darlington: njia za chini ya ardhi na mashimo ya kuhifadhia chakula ya kiota kimoja cha Macrotermes michaelseni. Kiota kimoja. Kajiado. Mtu alikuja akachimba kichuguu kama hiki chetu, akafuata vijia vyake, akachora ramani, na ramani ikakaa kwa Kiingereza nyuma ya malipo tangu kabla sisi hatujazaliwa. Sasa ina aya kwa Kiswahili, na Kajiado imetajwa.

Ya susu haimo. Kuna mlango mmoja tu mdogo: picha. Picha uliyopiga mwenyewe inapokelewa, pamoja na mahali na tarehe, mradi usidai spishi usiyoweza kuithibitisha na usimwambie msomaji kwamba unalika. Hilo la kulika tumelikataa kabisa. Uyoga unaofanana na mwingine umeshaua wengi.

Ile ploti ina bikoni mpya, na juzi lori lilimwaga kokoto pembeni. Fundi anasema wanaanza kuchimba msingi mwenye ploti akilipa awamu ya pili. Mvua za vuli zinangojwa Oktoba, labda Novemba. Nimefuta video zote kwenye simu ili kuwe na nafasi, na susu, ambaye huamka kabla ya jogoo, amesema atanigongea dirisha.